Mabizanti wa Mkomaindo

Msimu wa korosho Masasi ulinuka mabibo yaliyoiva kupita kiasi, yakichachuka chini ya miti mpaka nzi wakalewa. Ukikatiza uchochoro wa nyuma ya nyumba tuliyokaa pale Mkomaindo, harufu hiyo ilikutana na nyingine: televisheni iliyopata moto kwa kuwashwa tangu asubuhi, jasho la wavulana, na bati lililochomwa na jua. Hapo ndipo kilipokuwa kibanda cha gemu cha Baba Bakari. Mimi nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu Tito hajaanza hata la kwanza. Tulikuwa tumeshuka kutoka Chilangala, juu Newala, kumfuata mama, aliyelazwa hospitali kwa maradhi ya mguu, huku baba akibaki juu kuokota korosho kabla hazijaharibika. Tulifikia kwa mama yetu mdogo, Mama Rehema, katika chumba kimoja alichopangishwa na huyohuyo Baba Bakari. Mama Rehema aligandisha barafu za ukwaju, nami nilizitembeza kwenye ndoo baada ya shule. Ndoo hiyo ndiyo iliyoniingiza kibandani, mahali ambapo msichana mwingine angefukuzwa mlangoni.

Gemu lililogombewa kuliko yote lilikuwa la mtu mmoja mwenye joho na kofia iliyomfunika uso, akipanda kuta za mji wa kale wenye makuba na minara, akiruka paa hadi paa kama paka. Maadui zake walivaa deraya na nguo nyekundu. Jina lao liliandikwa kwa Kiingereza kwenye kioo, wavulana wakalisoma walivyoweza, likawa Mabizanti. Hakuna aliyejua ni watu gani, wa wapi, wala wamekosa nini. Walitokea vichochoroni wakifoka kwa lugha isiyoeleweka, wakachomwa upanga, wakaanguka, na punde miili yao ikayeyuka kama haijawahi kuwapo. Kibanda kizima kilishangilia. Mimi nilisimama na ndoo yangu ikichuruzika maji miguuni, nikiwaza kwamba huyu aliyeanguka naye lazima ana dada mahali fulani, na dada huyo hawamwonyeshi.

Bakari, mtoto wa mwenye kibanda, alikuwa darasa la saba, mrefu, na sauti imeshaanza kuwa nzito. Macho yakimchoka kwa kioo, alilihamishia gemu nje, kwenye mikorosho iliyokuwa nyuma ya nyumba, palipo na jiwe kubwa lililogeuzwa ukuta wa mji. Shujaa alikuwa yeye, siku zote. Mabizanti tulikuwa sisi tuliotoka juu, Newala na vijiji vyake, na sababu ilikuwa midomo yetu.

"Sema mti," alimwambia Tito siku ya kwanza.

"Nti," akasema Tito.

Wavulana wenzake wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. "Mmesikia? Hicho ndicho Kibizanti chenyewe!" akasema Bakari.

Tukapigwa kwa fimbo za mikorosho, tukaanguka, tukafa, tukafufuka ili tufe tena. Hayo niliyavumilia. Jambo lililofuata sikulivumilia, na silivumilii hadi leo. Alasiri moja nilipokuwa nimekwenda hospitali kumpelekea mama uji, Bakari alimfanya Tito mateka. Alimfunga kwa kamba ya katani kwenye mkorosho wenye viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani na kuishi ndani yake, ambao hata mkulima mzima huwakwepa. Kisha yeye na wenzake wakarudi kibandani kucheza, wakamsahau. Niliporudi niliisikia sauti kabla sijamwona. Nilimkuta kope zimevimba zimefumba, sisimizi wakimtoka masikioni na kwenye kola ya shati. Hakuwa anaita mama. Alikuwa anasema kwa sauti iliyopasuka, "Nimeshakufa. Nimeshakufa." Alifikiri akishakufa watamfungua, kama Mabizanti wa kwenye kioo wanavyoachwa wakishaanguka.

Mama Rehema alimpaka mafuta mwili mzima, akajitanda kanga yake na kwenda kwa Baba Bakari. Nilimfuata nyuma. Baba Bakari hakunyanyuka kitini. "Michezo ya watoto hiyo, Mama Rehema," alisema. "Au nyumba imeanza kuwachosha?" Tukarudi chumbani. Nilipotaka kusema, mama mdogo alinikatiza: "Nyamaza, Skola. Tukiendelea kusema, tutalala wapi?" Kesho yake mama alimwona Tito uso umeumuka, akauliza amepatwa na nini, nasi tukamwambia nyuki. Mama akampapasa mashavu akiwaapiza nyuki. Nilitoka wodini nikiwa nimekwisha kuamua.

Nilirudi kibandani na barafu zangu, safari hii nikatazama kwa makini, na nikauona upumbavu wa Mabizanti. Walikuwa wengi kuliko shujaa, na silaha walikuwa nazo. Walikufa kwa sababu walimjia mmoja mmoja. Mmoja alipopigana, wengine walizunguka wakitingisha mapanga, wakingoja zamu zao kama watu kisimani. Nikatoka nikamtafuta Esha, msichana wa Newala tuliyekuwa tukifa naye kila siku, nikamwambia, naye akawaambia watoto wengine wa juu. Maneno yalikuwa machache: leo hakuna kungoja zamu.

Bakari alipanda jiwe peke yake, kama kawaida yake, akatandaza mikono ili aturukie. Alipotua tu, tulimwangukia wote kwa pamoja. Esha alimtupia kanga kichwani, wengine wakamkamata miguu, na mimi nikaikaza kamba kwenye mkorosho uleule. Nikatikisa tawi. Majani yalimwaga maji moto kama mchele. Wenzake walisimama mbali, wakaona wingi wetu, wakakimbia. Bakari alipiga mayowe, kisha akatukana, kisha akalia.

"Nifungue, Skola, nisamehe!"

"Sema nti," nikamwambia.

"Mti."

"Nti."

"Nti!" akalia. "Nti, nti!"

Nikamwacha aseme mpaka sauti ilipompasuka kama ilivyompasuka mdogo wangu, ndipo nikakata kamba. Nilisikia utamu kifuani ambao sijausikia tena kwa jambo lolote.

Mama Rehema alinichapa kwa mwiko mbele ya Baba Bakari. Baba Bakari alipoondoka, mama mdogo aliufunga mlango, akaninong'oneza, "Ni kweli alisema nti?" Nikaitikia. Akajiziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka machozi. Kabla ya wiki kwisha tulihamishwa, tukapata chumba kinachovuja upande wa pili wa mtaa, na sikumsikia mama mdogo akilalamika hata mara moja. Mama alipopona tukarudi Chilangala.

Sasa mimi ni fundi cherehani Newala, na nina mtoto wa umri wangu wa siku zile. Anacheza gemu kwenye simu, amelala chali kitandani, anaua watu wasio na majina bila kutoa sauti. Hafungwi na mtu, wala hana wa kumlipizia. Nilipokuwa sekondari nilisoma kwamba Mabizanti walikuwa na mji wao, kanisa lao na lugha yao, na kwamba mji huo ulitekwa. Nilisoma ukurasa ule kwa hasira, kana kwamba wametajwa jamaa zangu.

Tito anaishi Masasi, ana duka la vipuri vya pikipiki, na rafiki yake mkubwa ni Bakari. Bakari ndiye aliyemsimamia kwenye harusi. "Dada, yale yameisha," Tito huniambia. "Mimi sikukutuma umfunge." Namjibu kwamba yameisha kwake. Mwezi uliopita nilishuka kuwasalimia, nikamkuta Bakari barazani, ana kitambi, anakunywa chai. Watoto wa Tito wakamwamkia mmoja baada ya mwingine: shikamoo baba mkubwa, marahaba, shikamoo, marahaba. Kisha akanigeukia mimi, akasubiri. Ananizidi umri, kila mtu pale anajua, na wote walikuwa wananitazama.

"Mambo vipi, Bakari," nikamwambia, nikavuta kiti.

Tito akainamisha kichwa. Wifi akanimiminia chai, nikainywa yote, taratibu, mpaka ikaisha.