Lile faili aliloniachia Kaka Amba

Jamani, mpaka sasa naona kama utani. Jana tumemzika Kaka Amba, fundi wetu wa kompyuta pale stationery, mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu. Mnisamehe nikikosea herufi.

Ndiye aliyenifundisha kutype. Nilikuja na darasa la saba langu na mtoto mgongoni. Akasema, "Mama Lusekelo, huyo mwache hapo hapo, asome bure."

Kompyuta yenyewe kuukuu, ya Linux, memory kiduchu. Kazi zikizidi, nyingine inazisogeza kwenye diski, mahali panaitwa swap. Yeye swap aliiweka kwenye faili.

Siku moja diski ikajaa. Nikaona lifaili likubwaaa, si picha, si barua ya mteja. Password ya kufutia alishaibandika mezani. Nikafuta! Tena nikajisifu nimefanya usafi.

Kesho yake tunawasha, mwalimu anasubiri mtihani wake, mashine ikaganda kama ugali wa jana. Nikajua kazi sina.

"Mama Lusekelo, umefuta swap?"

"Nilidhani takataka, kaka."

Oh my God, alivyocheka! Mpaka akakaa chini sakafuni.

Nikamwambia, "Basi itengee sehemu yake kwenye diski, ile partition, nisiweze kuigusa." Akakataa.

"Partition ni kabati la kujengea ukutani. Kwenye kadiski haka, ukitaka kulipunguza mpaka ubomoe. Faili ni tenga la ndizi, leo naweka kubwa, kesho dogo. Halafu wewe nakuamini."

Akaunda jingine, akaliita USIFUTE_MAMA_LUSEKELO.

Juzi mke wake kaleta picha, tuchape wasifu wa kusomwa kwenye mazishi. Diski ikagoma, imejaa! Ukoo mzima unasubiri karatasi. Natafuta kitu kikubwa cha kufuta, cha kwanza kabisa kwenye orodha: USIFUTE_MAMA_LUSEKELO.

Nikaangua kicheko mbele ya mjane. Aibu gani hii! Ikabidi nimweleze. Akacheka na yeye, mara ya kwanza tangu msiba uanze, halafu tukalia wote wawili tumeshikana.

Sijalifuta, kaka. Nimefuta mechi zako zote za mpira ulizohifadhi humo, utanisamehe huko uliko. Wasifu ulitoka kurasa mbili na picha yako umevaa ile suti ya harusi. Mashine haikuganda hata mara moja.

Ndaga fijo, kaka yangu, asante sana kwa kuniamini. Wewe lala tu, kompyuta naiangalia mimi.