Sahani Iliyouzwa Mpaka Magharibi

Juzi tukipakia vyombo, maana tunahama Muaither, hapa Doha, kwenda Al Wakrah, mama alinipa sahani kubwa nyeupe yenye ufa pembeni akasema, "Hii tupa tu." Sikuitupa. Niliifunga kwa taulo nikaificha kwenye begi langu la shule. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kubishana. Lakini hii sahani, hapana.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa kwenye hii hii villa tunayoihama, iliyogawanywa vyumba, familia tano, jiko moja. Asubuhi ungesikia AC zikinguruma, halafu adhana, halafu mizani ya jirani ikilia *kwich* chini ya miguu yake. Jirani alikuwa mpanda farasi wa mbio, Mkenya kama sisi. Mizani aliiweka koridoni kwa sababu sakafu ya chumba chake ilikuwa imeinama. Kila alfajiri, kabla gari la zizi halijamchukua, alipanda, akashusha pumzi, akashuka, maana akizidi uzito hapewi farasi. Alikuwa mdogo wa mwili hivi kwamba buti zake zilikaribia kunitosha. Mama akipika chapati alikuja kusimama mlangoni na kuvuta harufu.

"Dada, hapa nilipo nimeshaongeza kilo."

"Si ukule basi!"

Alikata robo, akanipa mimi iliyobaki. Nilikula, lakini nilikuwa naona vile macho yake yanaifuata.

Halafu akaanguka mazoezini. Farasi alijikwaa akamlalia, nyonga ikavunjika. Walimfanyia upasuaji, na daktari akasema akiendelea na mazoezi ya viungo kwa miezi kadhaa atatembea bila magongo. Asipofanya, mguu utakakamaa hivyo hivyo maisha yake yote. Bima nayo ilikuwa imefika mwisho, na tayari kulikuwa na mazungumzo ya tiketi ya kurudi nyumbani.

Baba, ambaye ni mlinzi, alivua kofia yake ya kazi akaiweka mezani. "Huyu haendi nyumbani na magongo," akasema. Basi. Kuanzia siku hiyo koridoni kulijaa watu wa kujitolea: nesi wa chumba cha mwisho, watunza farasi wa zizini, dereva wa teksi Mganda, mwalimu wetu wa Sunday school. Baba aliwakataza kuzunguka na kopo, kwamba hapa si nyumbani, mchango una taratibu zake. Alitembea ofisi kwa ofisi kila siku yake ya mapumziko mpaka akapata shirika lenye kibali cha kuchangisha. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, afisa wao akaja, mama mmoja mpole, akaketi koridoni kwetu na mashine yake ya kadi.

Mimi nilipewa kazi moja, kushika keki.

Sasa, nyumbani Kenya keki ya mchango haiuzwi mara moja. Anayeshinda mnada anamzawadia mgeni wa heshima, mgeni anairudisha mezani, inauzwa tena, hivyo hivyo mpaka watu wachoke. Kila mtu pale alijua. Mimi nimezaliwa Doha, sikujua, na hakuna aliyefikiria kuniambia.

Dereva wa teksi akashinda mnada wa kwanza. "Namzawadia mgonjwa wetu!" Watu wakapiga makofi, nikaibeba keki hadi kwenye kiti chake. Jirani akaiangalia. Yalikuwa yale macho ya chapati. Nikawaza, sasa mizani ya nini tena? Nikachukua kisu nikakata kipande kikubwa nikamwekea mkononi. Alinitazama, akaitazama keki, kisha akakila kipande macho ameyafumba. Watoto wenzangu kuona vile, wakaimaliza.

Halafu mwalimu, aliyekuwa anaendesha mnada, akashika kichwa. "Haiya! Mtoto amelisha watu mnada!"

"Na hata raundi ya pili hatujafika!" dereva akalia. "Sasa tutauza nini, makombo?"

Walicheka. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Ila nikamwona yule afisa anaanza kukunja waya wa mashine yake, taratibu, na nikaelewa. Akifunga begi lile, jirani anapanda ndege na magongo yake, kwa sababu yangu.

Mimi ambaye nikisalimiwa najificha nyuma ya gauni la mama, nilipanda juu ya mizani ya koridoni na sahani mikononi. "Hii sahani inauzwa."

"Hatusikii, mrembo!"

"SAHANI INAUZWA!"

"Imelambwa?" nesi akauliza.

"Bado iko na krimu!"

Mtunza farasi mmoja akainunua huku machozi ya kicheko yakimtoka, akamzawadia jirani, jirani akairudisha. Ikauzwa tena. Dereva alipoinunua aliinua juu kama kombe, ikagonga AC, ufa ukaingia, akalazimika kuinunua tena kama faini. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunauza. Mashine iliishiwa karatasi. "Khalas, imetosha," afisa akasema, naye akicheka.

Pesa zikatosha, jirani akabaki mpaka mazoezi yakaisha. Jioni baada ya homework nilimhesabia hatua koridoni, mkono wake ukutani. Siku ya safari ya kurudi Kenya alitembea mwenyewe hadi kwenye gari. Mizani alituachia, nayo iliharibika zamani. Siku hizi anafundisha vijana kupanda farasi, na mama akimpigia simu humwambia anakula chapati nzima.

Wengine wametawanyika. Nesi yuko Kanada, dereva alirudi Kampala, villa yenyewe itabomolewa. Leo nimepita koridoni, hakuna sauti hata moja, alama za mikono ya jirani tu bado ziko kwenye rangi ya ukuta. Hizo siwezi kuzipakia.

Jana usiku baba alileta habari, kuna kijana mwingine wa zizini amevunjika bega, na baba mwenyewe tayari ameanza kufuatilia kibali cha mchango. Mama akasema ataoka keki. Nikafungua begi, nikaitoa sahani nikaiweka mezani mbele yao wote wawili.

"Si nilikwambia utupe?"

"Hapana, mama. Mnada nitaendesha mimi."