Wafalme wa Ho Walivyonipeleka Annandale

Nilikwenda Annandale, Virginia, kwa sababu mdogo wake Mzee Lam alikuwa ametoka hospitali. Mzee Lam ndiye ninayemtunza hapa Oxon Hill. Yeye na mdogo wake walikuwa walimu wa historia kwao Vietnam, na hawakuwa wamesemezana miaka tisa. Kisa? Wafalme wa ukoo wa Ho, waliotawala miaka saba tu, karne sita zilizopita. Yaani ugomvi umedumu kuliko utawala wenyewe.

Saa nne asubuhi, mlangoni, nikimtoa Mzee Lam kumpeleka kwa mdogo wake, binti wa Mzee alinivuta kando. "Wanjiru, tafadhali, aongee chochote ila wafalme."

"Usijali," nikamjibu, kama mtu mwenye uwezo.

Hatujafika kwenye daraja la mto Potomac, Mzee alikuwa ameshaanza. Kulikuwa na waziri mmoja, akasema, hodari kweli, aliyemwoza mfalme binti yake. Mjukuu akazaliwa, akapewa kiti cha enzi angali mtoto mdogo. Babu akamwondoa, akakaa yeye, Ho wa kwanza.

Nilikanyaga breki. "Mjukuu wake mwenyewe?"

"Nchi ilihitaji mtu mzima," akasema bila haya.

Juu ya Potomac magari yalisimama. Katika foleni ile babu huyo alijenga ngome ya mawe kwa miezi mitatu, akamwachia mwanawe kiti kabla mwaka haujaisha, akaongeza hesabu kwenye mitihani. Hapo hata mimi ningeasi. Tulipoingia Virginia, jeshi la China likavuka mpaka.

"Waliwakamata baba na mwana, wakawapeleka China mateka," alisema tulipoegesha gari Annandale. Akajifuta macho.

Aliyetufungulia ni Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anayemtunza mdogo mtu. Mgonjwa alikuwa kitini, blanketi magotini. Ndugu wakaketi wakitazamana. Dakika ishirini, hakuna neno. Chai ikapoa. Mimi kimya hunishinda.

"Mzee," nikamuuliza mgonjwa, "kumbe yule babu alimpokonya mjukuu wake kiti?"

Mama Furaha alinishika mkono. "Dada, hapa hatusemake mambo ya bafalme!"

"Mwizi!" mgonjwa akapaza sauti.

"Mwenye kuona mbali!" kaka yake akamjibu.

Wakahamia Kivietnam. Mama Furaha akaondoa vikombe upesi. Mgonjwa, ambaye wiki nzima alikuwa akiinuliwa, akainuka peke yake ili agombe vizuri. Niliona kazi yangu ikiniaga, nikajitosa katikati.

"Wazee wangu, kwetu Nyeri babu wa namna hiyo angelaaniwa, na mambo yakaisha!"

Wote wawili wakanigeukia.

"Wewe unajua nini kuhusu Vietnam?" akauliza Mzee Lam.

"Hajui lolote," mdogo wake akasema. "Kaa, kaka. Tumfundishe."

Kaka! Mama Furaha akaziba mdomo kwa kiganja.

Saa tisa alasiri tulianza kurudi. Nilikuwa nimekula supu ya tambi bakuli mbili na kufundishwa historia mbili zisizopatana.

"Turudi Alhamisi," Mzee akasema darajani. "Hajanijibu kuhusu ngome."

Oxon Hill, binti yake alinisikiliza, akalia kidogo, kisha akauliza ni nani aliyewataja wafalme. Nikakiri.

Nilichojifunza ni hiki: wasomi wakigombana, adabu haiwapatanishi. Watafutie mjinga mmoja wamsahihishe pamoja. Alhamisi nimekwisha omba zamu.