Meno Mawili Niliyokataa Kung'oa

Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yalianza kuonekana marefu. Usidanganyike: jino la mtu mzima halirefuki. Ufizi ndio unaorudi chini na kuacha mzizi wazi. Maji baridi yakigusa mzizi huo, unaruka kwa maumivu. Kosa lilikuwa langu. Tangu utoto, huku Kabambare, nilisugua meno kwa mkaa uliosagwa na mchanga wa mto, kwa nguvu zote, nikijisifu kwa weupe wake.

Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea, alikuwa na dawa moja tu.

"Toa! Mimi nilitoa sita, nilikufa?"

"Na muhindi wa kuchoma unakula na nini?"

"Na akili."

Nilicheka, lakini nilikataa. Jino zima haling'olewi kwa sababu ufizi umechoka. Nafundisha darasa la kwanza. Watoto wanajifunza sauti za herufi kwa kutazama mdomo wangu.

Niliposikia kwamba daktari wa meno amefika Kasongo kwa majuma machache, nikapanda pikipiki. Yaya akapanda nyuma yangu, eti aje anione nikijuta.

Daktari, mama mmoja mpole, alinipa kioo kwanza. Akasema nikiacha kusugua kwa nguvu, ufizi unaweza kukaa pale ulipo, bila kisu. Lakini ulioondoka haurudi wenyewe. Nikamwambia nataka mizizi ifunikwe.

Basi kuna njia mbili, na mtu yeyote wa shamba atazielewa. Mvua ikifunua mizizi ya muhogo, unaweza kuvuta udongo wa tuta la pembeni, au kuleta udongo kutoka mbali. Njia ya kwanza, daktari anakata ufizi wa jino la jirani, anauvuta juu ya mzizi na kuushona. Kidonda ni kimoja, na rangi inafanana. Ya pili, anachukua kipande chembamba kwenye kaakaa, juu mdomoni, na kukipandikiza chini. Vidonda ni viwili, na cha kaakaa kinauma zaidi.

"Ile ya kwanza," Yaya akakata shauri. "Kidonda kimoja iko ya kutosha."

Nikatazama tena kwenye kioo. Ufizi wa majirani ulikuwa mwembamba kama karatasi.

"Ukiuvuta huu, na hao majirani je?"

"Wanaweza kubaki wazi," daktari akajibu.

"Basi kata juu."

"Mutoto huyu iko na kichwa nguvu!" Yaya akalalamika. "Kesho atalia kwangu."

Nililia kweli, siku ya pili baada ya kushonwa, ganzi ilipokuwa imekwisha zamani na hata uji uliopoa ukinichoma kaakaa. Yaya alinipepea uji huo huku akinitukana. Ikiwa wewe nawe utapita humo, jipe moyo: juma la kwanza ndilo baya.

Miezi imepita. Mzizi mmoja umefunikwa wote, mwingine nusu, na daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba huenda ikawa hivyo. Pale aliposhona pamepauka kidogo.

"Nusu!" Yaya anasema kila akiniona nikicheka. "Safari yote ile, maumivu yote yale, kwa nusu. Si ungetoa tu?"

Namwambia aweke kidole kwenye jino, alitikise. Anatikisa kwa bidii. Jino halisogei.

"Sitoi," namwambia, na kidole chake kingali mdomoni mwangu.