Picha ya Koku Akipakatwa

Jamani, mambo ya kijinga nimeyafanya mengi na mengine nayasimulia mwenyewe kwenye pombe ya rubisi watu wacheke, lakini hili nimelificha miaka yote kwa sababu kila nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie, na leo nalisema kwa kuwa nimezeeka na aibu haijazeeka pamoja nami.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio la Arusha, mimi mwalimu kijana wa sayansi karibu na Nshamba (nikisema sayansi msidhani makubwa, nilikuwa nafundisha darasa la sita kwamba maji yakichemka hutoa mvuke, ila kwa majivuno yangu ungedhani mvuke nimeubuni mimi). Dada yangu Koku alikuwa anaolewa Nyanga, kule Bukoba, na baba yetu amelazwa hospitali ya Rubya mwezi wa pili sasa, tumbo limevimba, hata kukaa kwenye gari hawezi. Alikataa harusi kusogezwa mbele. Aliomba kitu kimoja tu. Kwetu Wahaya bibi harusi akifika kwa mumewe hupakatwa na wakwe zake, anakalishwa mapajani mwa baba mkwe, halafu mama mkwe, humo humo ndani ya nyumba, na kuanzia hapo ni mtoto wao. Baba akanishika mkono akasema, "Mwana wange, mimi sitamwona akipakatwa. Niletee picha. Nikiona wamempokea, nitalala."

Nikamjibu, "Tata, utaona mpaka meno ya baba mkwe." Hayo ndiyo maneno yangu, sijaongeza wala kupunguza.

Kamera niliiazima kwa Bwana Hamisi, mpiga picha wa mjini Bukoba, mtu mpole wa kanzu na miwani, naye akanipa ile ya Kirusi, nzito, pamoja na flashi yake ya betri. Akanionyesha kigurudumu cha namba juu ya kamera. "Mwalimu, nje cheza nazo utakavyo, jua likikolea panda, mawingu yakija shuka. Lakini ndani, ukitumia flashi, weka thelathini na usiiguse tena." Nikamuuliza kwa nini, akasema yeye alivyofundishwa ni hivyo, na mimi moyoni nikamhurumia kwa kukosa elimu.

Siku yenyewe nje nilifanya vizuri tu, nikapiga lori lililotuleta, nikapiga mbuzi wa wakwe, nikapiga wajomba wakitafuna punje za kahawa. Tukaingia ndani. Nyasi mbichi zimetandikwa, watu wamebanana mpaka mlangoni, giza, na hapo ndipo akili yangu ya darasa la sita ikaanza kufanya kazi: flashi ni mwanga mkali kupita jua, nje mwanga ukizidi tunapanda namba, sasa hii thelathini si itawaunguza watu nyuso zote ziwe nyeupe! Nikasogeza kigurudumu kidogo, kikalia tik, sitini. Namba moja tu mbele, jamani, moja!

Na laiti ningenyamaza. Baba mkwe, Mzee Kamugisha, alikuwa ameshakaa kwenye benchi na mkewe, ameshanyoosha mikono, akauliza kwa upole, "Mwalimu, tuanze?" nami nikasema subirini, nikaanza kuwahutubia wageni habari za mwanga, nikawaambia wakwe wasogee kulia, zaidi, zaidi, Koku akikaa ageuze uso kushoto. Shangazi yetu, aliyemleta bibi harusi, akashindwa kuvumilia.

"We mtoto, tumekuja kumpakatisha huyu au kumpanga dukani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikajiona fundi. Flashi ikawaka, watoto mlangoni wakapiga kelele, nikavuta filamu, nikasoma namba, nikapima hatua kwa macho, ikawaka tena. Tatu kwa baba mkwe, tatu kwa mama mkwe. Nikapigiwa makofi.

Wiki iliyofuata nikapita kwa Bwana Hamisi kuchukua bahasha, basi la Muleba linapiga honi. Akaishikilia ile bahasha kidogo. "Mwalimu, fungua hapa kwanza tuzungumze." Nikamwambia nitaifungua na mzee, siyo kabla (mnaona ujinga unavyojipanga foleni?), nikakimbia. Angenishika shati siku ile ningemshukuru mpaka kesho.

Kule Rubya nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu. Wagonjwa wanaoweza kutembea wakaja kitandani kwa baba, muuguzi akaacha sinia lake akasogea, baba akaegemezwa kwa mito miwili, amenyolewa ndevu kwa ajili ya picha. Nikaanza na lori. Likapita mkono kwa mkono, limetoka safi mpaka matope ya matairi yanaonekana, watu wakasifu. Mbuzi nao safi. Halafu nikatoa ya Koku.

Upande wa kushoto Koku anang'aa, uso, hereni, maua ya kitambaa. Upande wa kulia mweusi tititi, kama sehemu ya chini ya sufuria. Hakuna baba mkwe, hakuna mapaja, hakuna mkono. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya mama mkwe, zote sita vile vile, na nikakumbuka kwamba upande ule wa kulia niliwapeleka mimi mwenyewe. Mzee mmoja wa kitanda cha jirani akauliza, "Sasa huyu amekalia nini?" Kuna aliyecheka, kisha akamwangalia baba akaacha.

Baadaye Bwana Hamisi alinieleza kwamba mle ndani ya kamera kuna mapazia mawili, moja linafungua na jingine linafuata kufunga, na kwenye thelathini filamu yote inakuwa wazi flashi inapowaka, lakini kwenye sitini pazia la pili limeshafika katikati. Nje haionekani kwa sababu jua haliwaki na kuzima. Siku ile sikuyajua hayo, nikabaki kubwabwaja kwamba nyumba ilikuwa na giza.

Baba aliisogeza picha karibu na macho, akapitisha kidole pale peusi.

"Wamempakata, au hawakumpakata?"

"Wamempakata, Tata."

"Uliona?"

"Nilikuwepo."

"Sikukuuliza kama ulikuwepo. Alimshika kwa mikono miwili? Alicheka? Alimwambia nini?"

Kamera ile ukibonyeza, kidirisha chake cha kutazamia kinazima, unaona giza mpaka uvute filamu, na nikishavuta nilikuwa nasoma namba. Watu wote wa nyumba ile waliona, hata watoto wa mlangoni, kasoro mimi niliyetumwa kuona. Ningeweza kumdanganya, na mara nyingi najuta kwamba sikumdanganya, lakini alikuwa ananitazama machoni. Nikasema, "Sijui, Tata." Akasema, "Haya," akailaza picha kifudifudi kwenye blanketi, akageukia ukutani.

Jioni ile ile nikarudi Bukoba kumfuata shangazi, ambaye alibaki Nyanga kumtunza bibi harusi, maana Koku mwenyewe alikuwa bado anakaa ndani kwa desturi ya bibi harusi na asingeruhusiwa kutoka. Kwa mvua ile na mabasi yale tulifika Rubya siku ya tatu, na baba alikuwa hafumbui macho tena wala haitiki. Shangazi hakujali. Akakaa, akamwinamia sikioni, akamsimulia yote: kwamba mzee yule alimshika mtoto kwa mikono miwili, kwamba alicheka mpaka akatokwa na machozi, kwamba alisema, "Karibu nyumbani, mama yangu, hapa hutalala njaa." Sijui kama baba alisikia. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nikiyasikia kwa mara ya kwanza.

Tulimzika Jumamosi. Kamera sijaishika tena, na sitaishika. Mkinialika harusini nipeni tu nafasi ya mbele nikae, nitazame.