Bingwa wa Mwaka Aliozaliwa Mama

Ukitaka kumpata Kheir fundi mafeni akiwa hapa duniani, mwendee asubuhi kabla hajawasha feni ya kwanza. Ikishaanza kuvuma, basi tena. Mikono inabaki Mkunazini, mjini Unguja, ikizungusha waya wa shaba kwenye mota, na mwenyewe keshakwenda zake Marekani, kwenye miji ya baridi ambako maelfu ya watu waliovaa makoti wanamtazama mtu mmoja aliyesimama juu ya kichuguu cha udongo na kipira mkononi. Mteja humuuliza mara mbili feni yake itakuwa tayari lini ndipo ajibiwe, na hujibiwa kwa upole sana. Kheir hapendi kumuudhi mtu. Aliwahi kumuudhi mmoja, na huyo alimtosha.

Historia ya mabingwa wa besiboli anaijua kwa namna yake. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni rungu na kipira: huyu anatupa, yule anapiga na kukimbia. Ligi ziko mbili, na mwisho wa msimu bingwa wa huku hukutana na bingwa wa kule. Atakayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa wa mwaka. Majina ya wachezaji Kheir huyachanganya ovyo. Alichokishika ni miaka, na kila mwaka kaufunga kwenye jambo la nyumbani. Mwaka wa Mapinduzi ubingwa ulikwenda St. Louis. Mwaka aliozaliwa yeye, Detroit. Mwaka aliooa hakukuwa na bingwa, maana wachezaji waligoma na msimu ukafia njiani.

"Hakukuwa na bingwa?" mkewe, Saadiya, humwambia kila akilisikia hilo. "Na mimi nliyekuvumilia mpaka leo n'nani?"

Zamani Kheir hakuwa na habari na mambo haya. Alikuwa mtu wa soka, shabiki wa mojawapo ya zile timu mbili za Dar es Salaam ambazo huna haja ya kutajiwa, na rafiki yake Masoud, fundi cherehani, alikuwa shabiki wa ile ya pili. Walikua pamoja kwenye maflati ya Michenzani, ngazi moja, na hata walipokwisha kuoa waliendelea kukutana kila siku kwenye baraza ya Bi Zuleikha, Sokomuhogo. Utani wao ulikuwa burudani ya mtaa.

Siku moja timu ya Masoud ikafungwa vibaya. Kheir alikuwa kaitwa kutengeneza feni ya dukani kwa Masoud, na kabla ya kuondoka akafunga kwenye mapanga kipande cha bafta nyeupe, kakikata mfano wa sanda. Masoud alipowasha, sanda ikazunguka juu ya vichwa vya wateja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Masoud alikuwa kamzika kaka yake mwaka uleule, na Kheir, katika kutafuta kichekesho, hilo lilimpotea. Masoud akatoka mpaka barazani, akasema mbele ya wote:

"Kheir, mimi na wewe kuanzia leo hatuzikani."

Kwetu hilo si neno la kutupwa hivihivi. Watu wanaweza kununiana miaka, wakapishana njiani kama hawajuani, lakini maiti akitoka unakwenda. Anayesema hatuzikani kamaliza yote.

Haukupita mwezi, mama yake Kheir, Bi Kazija, akafariki. Mtaa mzima ulikuja. Kheir alilibeba jeneza huku akiyaangalia mabega yaliyokuwa yakipokezana, na bega alilolitafuta halikuwamo. Masoud huyo alikula mkononi mwa Bi Kazija tangu hajaota meno ya pili! Kheir aliumia, akakasirika, kisha akaingiwa na hofu. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu: neno lile lifutwe kabla mmoja wao hajafa nalo. Hakujua pa kuanzia. Kila alipotaka kufungua mdomo alijiuliza nani aombe radhi kwanza, aliyefunga sanda au asiyekuja kuzika.

Barazani waliendelea kukaa, huyu mwanzo na huyu mwisho, na wengine wakagawika katikati. Kelele zikawa kila siku. Mwishowe Bi Zuleikha akatoka na ndoo.

"Baraza yangu hii," alisema. "Mpira hautajwi hapa, na siasa haitajwi. Atakayetaja nnammwagia."

Na ilikuwa ndoo kubwa. Wakakaa kimya siku kadhaa, na hakuna kitu cha kusikitisha kama wanaume wazima wasio na la kubishania. Ndipo Munir, muuza kahawa wa pale kwenye kona, aliyekuwa na televisheni ndogo inayoonesha michezo ya Marekani, akawaonea huruma.

"Bishaneni hii besiboli," alisema. "Haina mwenyewe hapa. Kila mtu achague mji wake."

Masoud akachagua New York, maana ndio mji alioujua. Munir akaangalia kwenye simu, akasema hao wametwaa ubingwa mara ishirini na saba, na kuna wakati waliuchukua miaka mitano mfululizo. Masoud akajinyoosha kama kaucheza yeye. Kheir alichelewa kuchagua, akabakiwa na Cleveland.

"Hawa nao mara ya mwisho lini?" aliuliza.

"Ala! Arubaini na nane, yakhe. Alfu moja mia tisa arubaini na nane. Tokea hapo hawajapata kitu."

Arubaini na nane ulikuwa mwaka wa mgomo mkubwa wa bandarini, na Bi Kazija maisha yake yote alikuwa akisema kazaliwa mwaka wa mgomo. Masoud naye alilijua hilo, maana kalisikia tangu utotoni. Aliinamisha kichwa akaanza kuutafuta uzi kwenye mkono wa kanzu yake.

"Nnaitaka hiyohiyo," Kheir alisema.

Basi kwa miaka iliyofuata maneno yao yote yalipitia Marekani. Salamu hawakupeana, hali hawakuulizana, lakini Masoud akisema, "New York wana mtupaji mpya," Kheir alijua kwamba yule bwana leo yuko mzima. Na Kheir akisema, "Cleveland wamefungwa tena," Masoud alijua kwamba mwenzake hakulala vizuri. Dukani, feni zikivuma, Kheir aliuona uwanja wa mwaka ule wa arubaini na nane. Majani mabichi, wanaume wana kofia za ukingo, na ngazi za juu kabisa kakaa Bi Kazija na kanga zake mbili, mtu mzima tayari, anakula njugu na kutazama bila ya haraka. Hakumwambia neno. Alikuwa pale tu, na Kheir hakuona ajabu. Alipenda kumkuta.

Mwaka 2016 Cleveland wakafika fainali. Wapinzani wao, Chicago, hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908, enzi za Sultani Sayyid Ali bin Hamoud. Wakafungana mechi tatu kwa tatu, ikabaki ya saba, na kwa saa za huku iliangukia alfajiri. Watu walitoka msikitini wakaenda moja kwa moja kwa Munir. Cleveland walikuwa nyuma. Jua likatoka, bado wako nyuma. Halafu mpigaji wao mmoja akakipiga kipira kikapaa nje ya uwanja, na mambo yakawa sawa, sita kwa sita. Kheir aliruka, na alipotua alikuta Masoud kamkamata mkono. Masoud aliuachia haraka.

Zamu tisa za mchezo zikaisha hakuna mshindi. Ikanyesha mvua kule Cleveland, wakatandika turubai uwanjani, na watu wa Sokomuhogo wakakaa kwenye jua la asubuhi wakiitazama mvua ya watu. Kheir alimuona mama yake juu kule, kajifunika kanga kichwani. Hakuwa na furaha tupu. Wakishinda, mwaka wa mama hautakuwa tena wa mwisho. Wakishindwa, ataendelea kuwa nao. Hakujua aombe lipi, akabaki kutazama matone.

Mvua ilikatika. Chicago wakapata mbili, Cleveland moja, ikaisha, na mpaka leo Cleveland hawajautwaa tena. Munir alizima televisheni. Kila mtu alimgeukia Masoud, maana zamu ya kutania ilikuwa yake, na alikuwa na haki nayo.

Masoud alisimama mbele ya Kheir, akampa mkono.

"Pole," alisema. "Na pole ya mama. Hii nlikuwa nayo miaka mitano, sikujua nkupe vipi. Neno lile nlilisema mimi, na mimi nnalifuta. Nisamehe, Kheir."

Kheir alitaka kusema mengi, likatoka moja. "Ile sanda, Masoud. Wallahi nlimsahau kaka yako."

"Nnajua."

"Basi twende kwa mama. Sasa hivi."

Wakapanda vespa ya Masoud mpaka makaburini Mwanakwerekwe. Makaburi mengi pale hayana majina, ni mawe na vichaka, na Kheir mwenyewe, kila anapokuja, husimama kwanza njiani akijikumbusha njia. Alisimama hivyo siku ile pia. Masoud hakusimama. Alipita mbele, akakata kushoto penye mti wa mkadi, akaruka kaburi lililodidimia, akafika pa Bi Kazija na kuvua viatu.

Kheir alimfuata pole pole.

"Nani kakuonesha hapa?"

"Siku ya maziko nlikuwa kule ukutani," Masoud alisema, bila ya kumtazama. "Nlikaa mpaka mkaondoka nyote. Ndo nkaja kumtilia mchanga wangu. Na kila mwezi nnakuja."

Kheir alilia kwa sauti, mtu mzima, mchana kweupe. Miaka mitano alimhesabu Masoud miongoni mwa wasiozika, na kumbe mchanga wa mwisho juu ya mama yake ulitoka mkononi mwa Masoud.