Kaseti ya Kwenda na Kurudi

Kabla sauti ya baba haijaanza, ilitangulia feni. Ilikuwa inazunguka kwenye chumba ambacho sijawahi kukiona, huko Maskati, na mie naisikiliza sebuleni kwa bibi, Keko, sikio nimelibandika kwenye spika ya redio kaseti mpaka shavu linapata joto. Nje mafundi seremala wanapiga randa, vumbi la mbao linaingia hadi kwenye chai, na bibi anagombana nao dirishani kama kawaida yake. Halafu baba anakohoa, anasema bismillahi, anasalimia: "Mama, shikamoo. Hawa mwanangu, hujambo?" Nami nilikuwa namjibu kwa sauti, "Sijambo, baba," kila mara, kama mwehu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alishaolewa kwingine, Tanga, na nyumba nzima tulikuwa wawili tu, mie na bibi mzaa baba. Watoto wa jirani walikuwa na ndugu chungu nzima wa kucheza nao. Mie nilicheza na redio.

Kaseti yenyewe ilikuwa moja tu. Nikiwasimulia wanangu leo wananicheka. Ililetwa na Ami Nasoro, jirani yetu mwenye duka la vitambaa, ambaye tangu serikali ilipofungulia biashara ya nje alikuwa haishi kwenda na kurudi Uarabuni. Baba anaijaza huko pande zote mbili, sie tunaisikiliza wiki mbili tatu, kisha siku Ami anayosafiri bibi anavaa kanga safi, anakaa kitako mkekani, anabonyeza kitufe chekundu na kuzungumza juu ya maneno yaleyale ya baba. Yetu yakiingia, yake yanafutika. Naye akijibu, anafuta yetu. Nyumba nyingi za mtaani zilifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu, maana barua ya sauti ilikuwa ya kujibiwa, si ya kuwekwa. Aliyenuna ni mie peke yangu. Kila Ami alipoondoka na ile kaseti nilimpoteza baba upya, nikajifungia chumbani, na bibi akaniambia niache kudeka.

Baba alikuwa fundi injini. Kabla hajasafiri alitengeneza magari ya mashindano kwenye gereji moja hapo Keko, na siku za mbio alinipeleka njia ya Pugu, tukasimama juu ya kichuguu kuyangoja. Aliyatambua kwa masikio kabla hayajaonekana. "Hilo letu hilo," alisema, na kweli, likatokea likiruka na wingu lake la vumbi, tukabaki wekundu mpaka kwenye kope. Sikuwahi kufurahi hivyo tena utotoni. Basi safari moja kaseti iliporudi, baba akanikumbuka. Alikuwa amechukuliwa kwenda kusaidia mbio za jangwani, akapeleka redio yake karibu na gari lililowashwa. "Sikiliza, Hawa. Gia ya kwanza hiyo. Haya, ya pili. Ya tatu! Umeisikia?" Gari likaenda, likaenda, likapotea, na baba akacheka. Baada ya kicheko hicho sauti yake ilibadilika. Alisema mkataba wake unaisha, tajiri anataka jibu mwisho wa mwezi. "Mama, wewe na Hawa niambieni. Nirudi, au niongeze miaka mingine minne? Mkisema nirudi, narudi."

Bibi hakusubiri hata kaseti iishe. "Arudi! Nitamwambia arudi, mtoto huyu anakua kama yatima," alisema, akafuta macho kwa pindo la kanga. Nami nilitaka arudi, wallahi nilitaka. Lakini nilitaka na gari lile, na kicheko kile. Nilikisikiliza kila siku nikitoka shule, nikahesabu siku za Ami kuondoka kama mtu anayengoja sindano.

Nyuma ya nyumba yetu alikuwepo Braza Hashimu, aliyekuwa na deki ya video chumbani kwake. Televisheni huku bara ilikuwa bado, kwa hiyo mchana tulijazana kwake kutazama filamu za Kihindi na za karate, wakubwa kitandani na wadogo sakafuni. Siku moja nilimwona anavunja kwa bisibisi kijimeno cha plastiki kwenye mgongo wa kanda. Nikamuuliza kwa nini anaiharibu. "Siiharibu, nailinda," akasema. "Hiki kikishatoka, hata aje nani hawezi kurekodi juu yake." Akaongeza kwamba hata kaseti za redio ziko hivyohivyo, kila upande na kimeno chake. Masikini, alikuwa ananifundisha tu. Nilikwenda nyumbani, nikachukua kisu cha kumenyea vitunguu, nikavivunja vimeno vyote viwili vya kaseti yetu.

Siku ya safari ikafika. Ami Nasoro yuko mlangoni, gari la kumpeleka uwanja wa ndege linamngoja, bibi kakaa mkekani na kanga yake safi. Akabonyeza kitufe chekundu, hakikushuka. Akabonyeza kwa dole gumba, kwa viganja viwili. "Hee! Redio imekufa leo?" Mie nimesimama nyuma ya pazia, nabana midomo. Ami akasema, "Bi mkubwa, nipe maneno kwa mdomo, nitamfikishia." Hapo sasa ndipo ulipokuwa ukubwa wa bibi yangu. Mambo ya ndani hayakuwa ya kumpa mwanamume wa nje ayabebe, tena mwenye duka ambalo Keko nzima inapiga soga humo. Amwambie mtu baki kwamba nyumba yake imeelemewa, kwamba anamlilia mwanawe? Akajiweka sawa, akatabasamu. "Mwambie hatujambo wote. Mwambie tumemsikia." Ami akaondoka na salamu hiyo, na mie nikabaki na kaseti yangu, nimefurahi, Mungu anirehemu.

Baba akatia saini. Habari zilipotufikia, bibi alisema yaliyopita yamepita, hakuna haja ya kumtia mwanawe unyonge ugenini, na neno hilo hakulitaja tena mpaka alipofariki, mwaka mmoja kabla ya baba kurudi. Baba alinikuta na miaka kumi na tatu, nikampa shikamoo na mkono kama mgeni. Hatukujua tuongee nini. Kaseti ilikwishaliwa na redio zamani, kwa kuchezwa mno.

Sasa baba anaishi Chamazi, nami Sinza, na simu yangu imejaa sauti zake. Anatuma asubuhi, anatuma adhuhuri, ndefu, na nikiri tu, nyingine nazisikiliza kwa kasi mara mbili huku napika. Hakuna inayofutika wala ninayoihofia. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama na roho ikanisuta, nikamweleza yote: kisu, vimeno, pazia, salamu za bibi. Nilingoja anikaripie. Akaweka mikono magotini, mzee wa watu. Kisha akaniangalia, akauliza taratibu:

"Kwa hiyo mlitaka nirudi?"